Waya Uliomfunga Askari

Baridi ya Naro Moru haimwonei mtu huruma. Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine zote za shule, Watiri alishuka njia ya mtoni akiwa na mtungi mtupu wa maziwa mkononi na mkoba wa vitabu mgongoni, huku nyasi zilizoganda zikivunjika chini ya viatu vyake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwepesi wa kusema, na akiuliza swali hakutulia mpaka ajibiwe. Mwalimu wake alishamwambia kwamba ulimi huo utampeleka pabaya au pazuri, ila yeye mwalimu hakujua ni wapi.

Kijiji chao cha Karima-ini kilikuwa juu ya mji wa Naro Moru, karibu na msitu. Nguzo za stima zilikuwa hazijafika huko. Watu walingoja mpaka wakachoka kungoja, wakajitengenezea stima yao wenyewe. Walichimba mfereji kutoka mtoni kwa majembe, wakalaza bomba refu kwenye mteremko, na chini kabisa wakajenga chumba cha mawe. Ndani ya chumba hicho maji yalitoka bombani kwa kishindo na kulipiga gurudumu la chuma. Gurudumu liliizungusha jenereta, na jenereta ikawasha taa, redio na mashine za kukatia ng'ombe majani kijiji kizima. Kamati ya stima ilimwajiri mama yake Watiri, Phyllis, kuutunza mtambo huo. Kijijini kila mtu alimwita Mama Watiri.

Nje ya chumba palikuwa na matangi mawili ya maji yenye koili ndani. Stima iliyokosa mtu wa kuitumia ilikwenda kwenye koili hizo ikachemsha maji. Ndiyo maana tangu mwanzo akina mama walizoea kuja hapo alfajiri kuosha mitungi yao ya maziwa kwa maji ya moto, bila kuwasha hata ukuni mmoja, na kupashana habari za kijiji wakiwa na mikono yenye joto.

Watiri alifungua bomba la tangi, akatia vidole. Baridi! Maji yalikuwa baridi vile vile kama ya mtoni.

"Bado hawajarudisha koili?" alimwuliza mama yake, ambaye alikuwa mlangoni akipangusa mikono kwa kitambaa chenye grisi.

"Bado. Mwenyekiti anasema zinakula stima bure."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Hezekiah. Alikuwa mtu mchapakazi, mwenye sauti kubwa na haraka nyingi. Mwaka huo mvua ilikuwa haba, malisho yakakauka, na kila boma likanunua mashine ya kukatia ng'ombe mabua ya mahindi. Stima ikawa haitoshi. Ndipo Mzee Hezekiah alipokuja na kukata nyaya za koili kwa mkono wake. "Hapa tunamchemshia nani maji?" aliuliza siku hiyo. "Samaki?" Watu walicheka, na kila mtu akaona kweli mzee ameongea jambo.

Hawakujua walichokuwa wakicheka.

Watiri alikuwa bado anasugua mtungi kwa maji hayo ya baridi aliposikia honi ya lori la maziwa kutoka darajani. Paaaa! Lori hilo halikumngoja mtu. Kwa hiyo honi ilipolia, kila boma lilifanya jambo moja kwa wakati mmoja. Watu walizima mashine ya majani, wakanyakua mitungi, wakakimbilia barabarani.

Ndani ya chumba cha mawe, jenereta ilianza kubadilisha sauti. Mngurumo wake wa kila siku ulipanda ukawa mlio mwembamba, na mlio ukaendelea kupanda. Kisha kikasikika kishindo kimoja kizito: KOH! Maji yakageuzwa njia, yakamwagika mtoni kwa kelele, na gurudumu likaanza kupunguza mwendo mpaka likasimama. Taa zote za Karima-ini zikazimika.

"Askari amefanya kazi tena," Mama Watiri alisema kwa sauti ya chini.

Askari ndilo jina walilouita mkono mzito wa chuma uliokuwa karibu na mlango. Ulishikiliwa juu na kilachi kidogo, kishikizo cha chuma. Gurudumu lilipozunguka kupita kiasi, kilachi kilijifyatua, Askari akaanguka, na bamba lililounganishwa naye likayazuia maji yasilifikie gurudumu. Watiri alikuwa amemwuliza mama yake maana ya jambo hilo mara nyingi, mpaka siku moja akajibiwa vizuri.

"Umewahi kupanda mlima na baiskeli, halafu nyororo ikatoka?" mama yake alimwambia. "Miguu yako inafanya nini?"

"Inazunguka mbio mbio, bila kazi."

"Basi na gurudumu ni hivyo. Maji yanalisukuma kwa nguvu ile ile, lakini watu wakizima mashine zote pamoja, mzigo umetoka. Zamani koili zilikuwa zinaushika huo mzigo. Siku hizi hakuna wa kuushika. Likiachwa hivyo, linakimbia mpaka waya za ndani ya jenereta zing'oke. Na jenereta ikipasuka, haipasuki kama chupa."

Tangu siku hiyo Watiri alimheshimu Askari. Lakini kijiji chote kilimchukia, kwa sababu kila alipoanguka ilichukua muda mrefu kuuwasha mtambo tena.

Haukupita muda Mzee Hezekiah akateremka njia ya mtoni, kofia mkononi, jasho usoni ingawa kulikuwa na baridi.

"Mama Watiri! Hii ni mara ya ngapi sasa?"

"Mzee, ni zile koili. Turudishe hata tangi moja tu..."

"Koili, koili! Wewe kila siku ni koili. Ijumaa tuko na wageni. Watu wa ushirika wa maziwa wanakuja kuangalia kama stima yetu inaweza kubeba lile tangi kubwa la kupoza maziwa. Sasa waje wapate giza? Tangi liende kijiji kingine, sisi tuendelee kumwaga maziwa ya jioni?"

Mama Watiri alijua hilo ni kweli. Maziwa ya jioni yaliharibika katika kila boma, la kwake likiwemo. Lori lilikuja asubuhi tu.

"Hiyo askari yako," Mzee Hezekiah aliendelea akinyoosha kidole, "ifunge na waya. Isianguke tena mpaka wageni waende."

"Mama, usifunge!" Watiri alisema.

Mzee Hezekiah aligeuka taratibu. "Na huyu nani amemuuliza?"

"Hakuna, Mzee. Lakini mtambo utakimbia na hakuna kitu cha kuusimamisha."

"Enda shule, mtoto. Huku ni kwa watu wakubwa." Kisha akamwambia Mama Watiri, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, "Unajua Waweru, kijana wa ndugu yangu, alimaliza kozi yake. Anakaa tu nyumbani. Sitaki kuambia kamati ati umeshindwa na kazi."

Watiri alimtazama mama yake. Alingoja aseme hapana. Aliingoja hapana hiyo kwa moyo wake wote, lakini haikutoka. Mama yake alichukua kipande cha waya, akamfunga Askari kwenye ndoano ya ukutani, akaukaza kwa koleo mpaka mwisho. Watiri aliubeba mtungi wake akaondoka bila kuaga, na machozi ya hasira yalimtoka njia nzima ya kwenda shule.

Kesho yake hakutaka kushuka mtoni, lakini mitungi haijioshi yenyewe. Alikuwa ndiyo kwanza anafika mlangoni honi ilipolia darajani. Mngurumo ulianza kupanda kama kawaida. Watiri alisimama akisubiri kishindo cha Askari kwa mazoea tu, halafu akakumbuka kwamba hakitakuja.

Sauti ilipanda. Ilipanda ikapita pale ilipokomea siku zote, ikawa yowe. Mawe ya ukuta yalitetemeka. Balbu iliyokuwa juu ya mlango iliwaka nyeupe kuliko jua, ikapasuka, vioo vikamwagika.

"Toka hapo! Kimbia!" mama yake alipiga kelele kutoka ndani.

Watiri alirudi nyuma mpaka kwenye matangi. Kupitia mlango aliouacha wazi alimwona mama yake akiwa ameikumbatia vali kubwa ya bomba, akiizungusha kwa mikono miwili, mwili wote ukining'inia. Mkanda wa kuzungushia jenereta ulikatika kwa mlio wa mjeledi. Mama yake aliguta, lakini hakuiachia vali. Polepole, polepole mno, maji yakapungua na lile yowe likashuka.

Mama Watiri alipotoka nje, mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko mpaka kiganjani, na alama ya mkanda ilionekana wazi kwenye ngozi.

"Si kitu," alisema.

"Si kitu vipi, Mama?"

"Nimesema si kitu. Nitafunga mkanda mwingine. Na kila asubuhi nitasimama hapo na mkono kwenye vali, honi ikilia nifunge mwenyewe. Ijumaa ikipita nitamfungua Askari. Ni siku tatu tu, Watiri. Na mtu akikuuliza habari ya taa, sema balbu zilikuwa kuukuu."

Zilikuwa zimepasuka balbu za nyumba karibu nusu ya kijiji, na redio mbili zilitoa moshi. Mzee Hezekiah naye alizunguka akiwaambia watu kwamba siku hizi madukani wanauza balbu za kubahatisha. Watu waliamini, au walijifanya kuamini. Ni raha kulaumu mwenye duka ambaye hayupo.

Watiri hakuamini, na hakutaka kujifanya.

Shuleni darasa lao lilikuwa likifanya mazoezi ya shairi la kuwakaribisha wageni. Mwalimu Kajuju, aliyekuwa ametoka Meru kuja kufundisha hapo, alimchagua Watiri kuwa kiongozi kwa sababu ya sauti yake. Alasiri hiyo Watiri alisimama mbele ya wenzake, akaanza ubeti wa kwanza vizuri. Alipofika ubeti wa pili akanyamaza.

"Endelea," Mwalimu Kajuju alisema. "'Stima yetu ni salama, mtambo hauna shaka.'"

"Siwezi, Mwalimu."

"Umesahau?"

"Sijasahau. Sitaki kusema."

Darasa lilinong'ona. Theuri, mjukuu wa Mzee Hezekiah, aliyekuwa nyuma yake tu, alimvuta sweta. "Ati hutaki? Wacha mchezo, bana. Unataka kutuchoma mbele ya wageni?"

"Afadhali niwachome kwa maneno kuliko mchomwe na stima," Watiri alimjibu bila kugeuka.

"Unajiskia sana! Ni babako alileta hiyo stima?"

"Mama yangu ndiye analala na kuamka nayo. Babu yako anakuja kupiga kelele tu, halafu anaenda kunywa chai."

"Watiri!" Mwalimu Kajuju alimkemea. "Mzee wa watu hatajwi hivyo. Toka nje, tutaongea."

Chini ya ukuta wa darasa, upande unaopata jua, Watiri alieleza yote. Koili, honi, waya na mkono wa mama yake uliovimba. Alikuwa amekatazwa kusema, na sasa amesema.

Mwalimu Kajuju alichuchumaa karibu naye. "Sitakulazimisha kutamka jambo unalojua ni uongo," alisema. "Lakini nisikilize. Kukataa kwa kununa hakumsaidii mtu. Ukikataa, ni lazima useme kwa nini, na useme kwa heshima, mbele ya wale wanaoweza kubadilisha mambo. Bila kutukana babu ya mtu. Kwanza niachie mimi niongee na mwenyekiti."

Jioni hiyo alikwenda kwa Mzee Hezekiah. Asubuhi Watiri alimwona akiingia darasani amebana midomo, akajua mzee hakusikia la mtu. Alikuwa ameambiwa afundishe Kiswahili, stima aiachie wenyewe.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Watiri hakulala vizuri. Kilichomsumbua hakikuwa wageni. Akili yake ilikuwa kwa mama yake, ambaye siku mbili mfululizo alikuwa amesimama na mkono mmoja mzima kwenye vali, masikio yakiwa darajani, akingoja honi. Je, siku moja asipoisikia? Upepo ukivuma upande mwingine? Akiteleza? Watiri alimkasirikia mama yake na kumwonea huruma kwa wakati mmoja, na mambo hayo mawili hayalaliki pamoja.

Ijumaa wageni walifika mapema ili waone maziwa yakichukuliwa. Waliongozwa na Madam Ntinyari, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, aliyeonekana kuwa amewahi kukamua ng'ombe kabla ya kupewa cheo. Wanakijiji walijaa mbele ya chumba cha mawe. Huko juu, kwenye maboma, waliobaki walikuwa wakikata majani, na mashine zao zilisikika kila upande. Ndani, Mama Watiri alikuwa amesimama kando ya vali, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya leso.

Mzee Hezekiah, katika koti lake la Jumapili, aliwakaribisha wageni, akausifu mtambo, akasema siku hizi hauzimiki kabisa. Kisha akatoa ishara kwa wanafunzi.

Watiri alitoka mbele. Alimwona Theuri akimkazia macho, na Mwalimu Kajuju akiinamisha kichwa kidogo kumwambia aanze.

"Nilipewa shairi la kusema kwamba stima yetu ni salama," alianza. "Shairi ni zuri. Lakini sitalisema, kwa sababu si kweli."

Watu waliguna wote kwa pamoja.

"Huyu mtoto ana homa," Mzee Hezekiah alisema haraka. "Mwalimu, mtoe huyu. Mwingine aje, Theuri, kuja wewe."

"Sina homa, Mzee. Nakuheshimu, lakini sina homa." Aliwageukia wageni. "Mtambo hauzimiki siku hizi kwa sababu kile chuma cha kuuzuia usikimbie kimefungwa na waya. Jumanne ulikimbia mpaka balbu zikapasuka. Hazikuwa kuukuu. Mama yangu aliumizwa na mkanda. Anasimama pale ndani kuuzuia kwa mkono, na siku mkono ukichelewa, hatutabaki na mtambo, na mimi sitabaki na mama."

"Nyamaza!" Mzee Hezekiah alinguruma. "Unataka kijiji kikose tangi kwa sababu ya mdomo wako?"

"Hata kikikosa," Watiri alisema. "Sinyamazi."

Wengine walimzomea. Mwanamke mmoja akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Watiri alibaki pale pale, mikono imenyooka kama yuko gwaride, machozi yanatiririka na yeye hayafuti.

Madam Ntinyari aliinua kiganja. Hakumtazama Mzee Hezekiah. Alitazama ndani ya mlango.

"Mama, wewe ndiye unatunza hii mashine?"

"Ndiyo, Madam."

"Huyu msichana anasema ukweli?"

Mama Watiri alimtazama mwenyekiti, kisha akamtazama binti yake. Mama akautoa mkono uliovimba ndani ya leso, akauinua juu watu wote wauone.

"Anasema ukweli," alijibu. "Huo waya niliufunga mimi. Kwa hii mikono."

Akachukua koleo rafuni, akaenda mpaka kwenye ndoano ya ukutani.

"Mama Watiri, weka hiyo kitu chini," Mzee Hezekiah alisema. "Mimi kama mwenyekiti nakuambia weka chini."

"Hapana, Mzee," Mama Watiri alisema.

Waya ulikatika kwa mlio mdogo, tak! Wakati huo huo, kutoka darajani, honi ililia. Paaaa!

Mashine za majani zilinyamaza kijijini, moja baada ya nyingine, kwa kasi. Mngurumo wa jenereta ukapanda. "Rudini nyuma!" Mama Watiri alipiga kelele akitoka mbio, naye akamshika Watiri begani akamvuta mpaka kwenye matangi. Wageni walirudi nyuma. Mzee Hezekiah mwenyewe alirudi nyuma mpaka akamkanyaga mgeni mmoja. Mlio ulikuwa mwembamba sasa, ukiingia masikioni mwa kila mtu, ukipanda, ukipanda. Waliosema balbu zilikuwa za kubahatisha walikuwa wameziba masikio.

KOH!

Askari alianguka. Maji yaligeuka yakamwagika mtoni kwa kishindo, na lile yowe likashuka, likawa mguno, likawa kimya. Hakuna kilichopasuka. Hakuna aliyeumia. Kwa muda watu walisikia mto peke yake.

Mzee Hezekiah alivua kofia. "Basi," alisema kwa uchungu. "Taa zimezimika mbele ya wageni. Tangi limeenda."

Madam Ntinyari aliingia ndani, akakiangalia kilachi, akaigusa ile ndoano yenye kipande cha waya, akatoka.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi nimeona mitambo mingi inayojua kukimbia. Unaojua kusimama ndio naweza kuachia maziwa ya watu. Kama ule waya ningeugundua mwenyewe baadaye, mngekosa tangi mwaka huu na mwaka ujao. Lakini leo pia silileti. Rudisheni koili za matangi. Msiwashe na kuzima mashine zote kwa pamoja. Mkimaliza, niite nije nione tena."

"Na stima itatosha?" mtu mmoja aliuliza kwa nyuma. "Koili zikirudi, mashine ya majani itazunguka na nini?"

Hapo ugomvi ulianza, ugomvi mzuri, wa watu wanaotafuta njia. Walibishana hadi lori la maziwa likaondoka, kisha wakakubaliana kwamba maboma ya juu yatakata majani jioni na ya chini asubuhi, na kwamba hakuna atakayezima mashine yake wakati mmoja na jirani yake, bali watapeana nafasi. Walioapa kwamba jambo hilo haliwezekani ndio waliokuwa wa kwanza kupanga zamu. Kabla ya jioni, Waweru, yule kijana wa ndugu yake mwenyekiti, alikuwa amepiga magoti kando ya matangi akiunganisha nyaya za koili, Mama Watiri akimwelekeza kwa mkono wake mzima.

Jumapili, baada ya matangazo kanisani, Mzee Hezekiah alisimama bila kuitwa. Alisema amekosea, na kwamba angeweza kumwua mtu. Alisema pia kwamba yule mtoto bado ana mdomo, na watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Hakuketi mpaka alipokwenda kwenye benchi la akina mama kumpa Mama Watiri mkono, mbele ya kanisa zima. Theuri naye alijifanya anatafuta ukurasa wa wimbo. Madam Ntinyari alirudi baada ya mvua kuanza, akaukagua mtambo kuanzia bombani hadi kwenye koili, na lile tangi la kupoza maziwa likaletwa kwa lori kubwa lililokwama matopeni mara mbili kabla ya kufika.

Jioni ya kwanza maziwa yalipohifadhiwa, Watiri alimkuta mama yake ameketi kwenye jiwe nje ya chumba cha mtambo. Aliketi karibu naye. Kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni muda wote huo.

"Mama, nilikuaibisha mbele ya watu. Tena ulikuwa umenikataza kusema."

"Ni kweli, uliniaibisha," mama yake alisema. "Nilitaka ardhi inimeze. Lakini aibu imeisha na mkono umepona, na mimi niko hapa nakaa na wewe." Alimgeukia. "Nataka ujue kitu kimoja, Watiri. Usidhani nilifunga ule waya kwa sababu sikujua. Nilijua vizuri sana. Sikuwa mjinga, nilikuwa mwoga. Nilimwogopa mtu mmoja kuliko chuma kinachoweza kuniua, halafu nikakufundisha na wewe udanganye habari ya balbu. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo."

Watiri alimshika mkono ule uliokuwa umeumia.

"Kwa hivyo nisikie. Kitu kilichowekwa kulinda watu kikianza kuwasumbua watu, kwanza wajiulize kinawaambia nini, kabla ya kukifunga mdomo. Na mtu akikuambia ukiondoe ili kazi iende haraka, mkatalie. Kwa heshima, lakini mkatalie. Awe mwenyekiti, awe mwalimu, awe nani."

"Hata ukiwa wewe, Mama?"

"Mimi wa kwanza," mama yake alisema.